Kumsikiliza Kinjeketile Mpaka Mwisho

Tamthiliya ya Kinjeketile, aliyoichapisha Ebrahim Hussein mwaka 1969, imebeba jina la mwanamume ambaye msomaji hamkuti mlangoni. Anaowakuta ni wanawake wawili wakizungumza habari za chakula. Chakula kimeadimika, watu wanafanyishwa kazi katika shamba la Mjerumani, na mashamba ya nyumbani hayana wa kuyashughulikia. Kinjeketile anasemwa kabla hajaonekana, kama jirani ambaye mwenendo wake siku hizi hauelewiki. Msomaji mwenye haraka huyapitia mazungumzo hayo mbio mbio. Anamtaka shujaa, anautaka mto Rufiji, anayataka maji yanayoahidiwa kuzizuia risasi. Mhakiki anayeijua kazi yake hutua hapo hapo na kuuliza: mwandishi aliyekuwa na vita vizima vya Maji Maji mkononi mwake, kwa nini ameanza na upungufu wa chakula?

Kutua huko ndiko ninakotaka kukusifu. Wengi tumeifahamu kazi ya uhakiki shuleni kwa jina la fani na maudhui, na mara nyingi tumeiona ikipunguzwa ikawa orodha ya kukariri: dhamira tano, wahusika sita, tabia za kila mmoja, mafunzo manne. Kazi yenyewe ni ya ufundi kuliko hivyo. Mhakiki hodari hukishika kitabu kama fundi seremala anavyoushika ubao, akiupapasa kwanza ajue nyuzi za mti zimeelekea wapi kabla hajaupiga randa. Hana haraka ya kukata. Anachokitafuta kimo ndani ya mti, naye anajua kwamba akikosea mwelekeo ataupasua.

Turudi kwa wale wanawake. Ukikaa nao, utaona kwamba Hussein anatuonyesha haja kabla ya kutuonyesha dawa. Kwa sababu hiyo, maji yanapotokea baadaye hatuwezi tena kuyatazama kama ushirikina wa watu wasiojua kitu. Tumeshajua ni nini kilichowafikisha mtoni. Mhakiki aliyewaruka wanawake hao ataandika kwamba dhamira ni ubaya wa ushirikina, na kwa sentensi hiyo moja atakuwa amewaonea watu wa mchezo mzima. Aliyewasikiliza ataona kwamba kabla ya maji kulikuwa na jembe la kulazimishwa.

Historia nayo inaunga mkono usomaji huo. Serikali ya Wajerumani chini ya Gavana von Götzen iliwalazimisha watu wa kusini-mashariki kulima pamba, na Julai 1905 wakulima wa Nandete, Umatumbini, wakaing'oa mimea hiyo. Vita vilivyoanza hapo vilisambaa katika eneo kubwa la kusini na kuendelea hadi 1907. Wajerumani wenyewe walihesabu Waafrika 75,000 waliokufa. Wanahistoria waliofuata, wakiingiza njaa iliyotokana na kuchomwa kwa mashamba na maghala, wamekisia kati ya 200,000 na 300,000. Mhakiki anahitaji kuyajua haya, lakini hayatumii kuuziba mdomo mchezo. Anayaweka pembeni, karibu na mkono, ayachukue pale tu ukurasa wenyewe unapoyaita.

Baada ya wanawake wanakuja wanaume, na hapo jambo la pili linajitokeza. Wanataka kupigana, lakini hawaaminiani. Kabila hili linalitazama lile kwa jicho la pembeni, na mizozo ya zamani bado ina uhai. Kitunda, mtu mwenye busara kati yao, anaona vizuri kwamba hasira peke yake haitoshi kuwakabili wenye bunduki. Fundi wa kusoma wahusika ataiwekea alama hali hii, kwa sababu ndiyo itakayomfundisha maji yanafanya kazi gani. Kabla ya kuahidiwa kuzizuia risasi, maji yanawapa watu waliogawanyika kitu kimoja cha kukiamini pamoja. Kazi ya kwanza yanaifanya kweli. Ya pili hayaiwezi. Mchezo mzima umesimama katika pengo lililo kati ya kazi hizo mbili, na pengo hilo haliwezi kuonekana na mtu aliyeamua tangu mwanzo kama Kinjeketile ni shujaa au ni mwongo.

Katika mitihani ya fasihi ya Kenya kuna swali ambalo kila mwanafunzi analijua. Dondoo hutolewa, kisha mtahiniwa huambiwa aeleze muktadha wake: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Wapo wanaolidharau kama swali la kutafutia alama za bure. Mimi naliona kuwa moyo wa kazi yote. Maneno ya mhusika si maneno ya mwandishi, na mhusika mmoja hasemi na kila mtu kwa namna moja. Kinjeketile anapouhutubia umati baada ya kutoka majini, na Kinjeketile anapozungumza na Kitunda wakiwa wawili tu, ni mtu yule yule katika hali mbili tofauti kabisa. Mbele ya umati ana uhakika wote. Mbele ya rafiki, uhakika unaanza kuvuja. Mhakiki akiyachota maneno ya umatini na kuyaita msimamo wake, amemnyang'anya nusu ya nafsi yake.

Utaratibu huu wa kutafuta muktadha ni wa zamani kwetu kuliko vitabu vya nadharia. Mombasa ya karne ya 19 ilikuwa na Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu aliyezikusanya tungo za Muyaka bin Haji na kuzieleza, akashirikiana na mmisionari Mwingereza W. E. Taylor aliyeihifadhi kazi hiyo. Muyaka alitunga katika siku za ugomvi kati ya Wamazrui wa Mombasa na Seyyid Said, na beti zake nyingi ni majibizano, vijembe na mafumbo yaliyoelekezwa kwa watu na matukio ya wakati ule. Beti kama hizo zikipoteza habari ya nani alikuwa akijibiwa, hufunga mlango. Mwalimu Sikujua alijua jambo hilo, ndiyo maana kuhifadhi maneno peke yake hakukumtosha. Mohamed Hassan Abdulaziz alipotoa kitabu chake kuhusu Muyaka mwaka 1979, alikuwa akiendeleza kazi ambayo wazee wa pwani walikuwa wameianza bila kudai cheo cha uhakiki.

Seyyid Said huyo huyo anajitokeza katika Kinjeketile, na hapo ndipo ufundi wa msomaji unapopimwa. Kinjeketile ameingia mtoni, akakaa huko, akatoka na nguo kavu. Watu wameona. Anawaambia waungane, anawapa habari ya maji, na katikati ya utabiri wake anasema kwamba baada ya Mjerumani watakuwa watoto wa Seyyid Said. Katika msisimko wa onyesho, jina hilo linaweza kupita bila mtu kugutuka. Umati wa jukwaani haugutuki. Msomaji makini huligusa kwa kidole. Seyyid Said alikuwa Sultani wa Omani na Zanzibari, naye alifariki mwaka 1856, karibu nusu karne kabla ya vita hivi. Utabiri wa uhuru unaishia chini ya mtawala mwingine wa kutoka nje, tena marehemu. Kuna ufa.

Uzuri wa mchezo ni kwamba hata Kinjeketile mwenyewe anauona ufa huo. Anapokuja kuelewa alichokisema, anashtuka. Anaanza kujiuliza kama sauti iliyosema kwa kinywa chake ilikuwa ya Hongo, pepo wa mto, au ya kitu kingine. Na kama amewakomboa watu au amewauza. Kuanzia hapo tunaye kiongozi aliyetoa kauli, kisha kauli ikakua ikampita kimo, ikawa mali ya maelfu, naye akabaki nyuma yake akiiomba isubiri. Anataka muda, watu waungane kwanza, wajiandae. Watu hawataki kungoja tena. Mhusika kama Kinjeketile ndiye anayeitwa duara katika darasa la fasihi, yule anayebadilika kadiri kisa kinavyosogea. Lakini istilahi hiyo ina faida pale tu mhakiki anapoweza kuonyesha mahali penyewe ambapo mhusika aligeuka, na jambo lililomgeuza. Kwa Kinjeketile, mahali hapo ni jina la sultani.

Katika utangulizi wake, Hussein alitahadharisha kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha ubunifu na asichanganywe na yule wa historia. Wahakiki wengi hulitaja onyo hili na kupita. Mwenye subira huligeuza likawa swali: amebadilisha nini, na mabadiliko hayo yanafanya kazi gani? Kinjeketile Ngwale wa historia aliishi Ngarambe, na Wajerumani walimnyonga huko Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, siku chache tu baada ya vita kuanza. Shambulio kubwa la boma la Mahenge, ambapo bunduki za rashasha ziliwaua wapiganaji kwa wingi, lilikuja tarehe 30 mwezi huo huo. Mtu wa historia hakuishi kuona maji yakishindwa. Mtu wa jukwaani anaishi. Mwandishi amemwongezea umri ili aone, na ili baada ya kuona aulizwe.

Swali analoulizwa ndilo linalofunga mchezo. Wapiganaji wameanguka, Kinjeketile na Kitunda wako kifungoni, na Mjerumani anataka kitu kimoja: Kinjeketile akiri hadharani kwamba maji yalikuwa uongo. Kitunda, rafiki na kamanda wake, naye anamsihi akiri. Kinjeketile anakataa. Anaona kwamba akiyakana maji, Wajerumani wataikana pamoja nayo sababu ya kupigana, na vizazi vijavyo vitaambiwa kwamba babu zao walikufa kwa ajili ya uongo. Neno limeshazaliwa, naye hatakubali kulizika kwa mkono wake.

Hapa ndipo darasa hugawanyika. Wapo watakaosema kwamba huyu ni shujaa aliyekufa kwa ajili ya umoja. Wapo watakaosema kwamba ni mkaidi asiyetaka kuwajibika kwa damu ya watu waliomwamini. Mhakiki hodari hana haraka ya kupiga kura. Kwanza anatenganisha maswali yaliyofungwa katika fundo moja. Je, Kinjeketile aliyaamini maji? Mwanzoni ndiyo, baadaye kwa mashaka. Je, aliutaka wakati ule wa vita? Hapana, aliomba muda. Je, kukataa kwake kuyakana ni sawa na kudai kwamba yalizizuia risasi? Si sawa hata kidogo, kwa sababu risasi zimeshapita na kila mtu amezihesabu maiti. Maswali yakishatengana hivi, kelele za darasani hupungua na fikra huanza.

Kisha anafanya jambo ambalo kwangu ndilo kilele cha kazi hii: anampa Kitunda nafasi yake kamili. Ni rahisi kumgeuza Kitunda kuwa mwoga ili Kinjeketile ang'ae. Mchezo haumruhusu msomaji kufanya hivyo. Kitunda alikuwa na mashaka tangu mapema, akawafundisha watu vita hata hivyo, akawaongoza, akawaona wakianguka. Anaposema kwamba ukweli usemwe, anasema mtu aliyezika wenzake. Kuna haki upande wake. Anayetaka kumtetea Kinjeketile lazima amtetee mbele ya Kitunda huyu, mwenye majonzi na hoja, asimtetee mbele ya kivuli alichokichora mwenyewe kirahisi. Heshima hiyo kwa mhusika usiyekubaliana naye haifundishwi kwa istilahi. Hupatikana kwa kurudia kurasa.

Sasa ndipo dhamira inaweza kutajwa, na itatajwa kwa namna tofauti. Wanafunzi wengi hufundishwa kuiandika kwa neno moja: umoja, ukombozi, usaliti, uongozi. Neno moja ni kichwa cha habari tu. Halijasema lolote ambalo mtu anaweza kulikubali au kulipinga. Dhamira iliyokomaa husimama katika sentensi nzima. Kwa mchezo huu ningeiandika hivi: imani inaweza kuwaunganisha watu ambao hoja zilishindwa kuwaunganisha, lakini imani isiyopimwa itawadai gharama ambayo aliyeianzisha hawezi kuilipa, wala hawezi kuifuta bila kuifuta na heshima yao. Mwingine ataiandika tofauti, na ni haki yake, mradi aweze kurudi kitabuni na kuonyesha mahali alipoitoa. Mwaka 1969 nchi ya Hussein ilikuwa na umri wa miaka minane ya uhuru na miwili tangu Azimio la Arusha. Mtu anaweza kuusoma mchezo huu kama fikra juu ya viongozi ambao kauli zao zilikuwa zinakua kwa kasi kuliko wao. Nami nadhani usomaji huo una nguvu. Lakini mhakiki mwaminifu atawaambia wasomaji wazi kwamba hapo ameshavuka kutoka maandishini kwenda kwenye majira.

Subira hiyo haimaanishi kwamba kila kitabu husomwa kwa mwendo mmoja. Chukua Kusadikika, alichokitoa Shaaban Robert mwaka 1951, wakati Tanganyika ikiwa bado chini ya Waingereza na yeye mwenyewe akiwa karani katika serikali ya kikoloni. Humo mshtakiwa anaitwa Karama na mshtaki wake ni Waziri Majivuno. Kumtafutia Majivuno siri za moyo kama za Kinjeketile ni kupoteza wakati, kwani hakuumbwa kwa ajili hiyo. Macho yaelekezwe kwenye muundo. Karama, akitetea uhai wake kwa siku sita, anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande zote, wakarudi na maarifa ya kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Msomaji anayelalamika kwamba hadithi inajirudia amekaribia sana kuipata dhamira. Kujirudia ndiko ushahidi wenyewe: dhuluma inayotendeka mara moja ni ajali, na inayotendeka mara sita ni utaratibu wa utawala.

Au chukua Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, ya mwaka 1971, ambayo ilipigwa marufuku shuleni na baadaye ikaja kusomwa humo humo. Waliomhukumu Rosa kwa mwenendo wake walianzia katikati ya kitabu. Mhakiki mwenye subira huanzia Ukerewe, nyumbani kwa baba yake, Zakaria, kwenye kipigo alichokipata binti kwa sababu ya barua ya mvulana. Kutoka hapo anaufuata woga uliopandwa siku ile mpaka siku binti alipojikuta mbali na baba, hana wa kumzuia wala mazoea ya kujizuia. Kumwelewa Rosa hivyo si kumpamba. Ni kuihamisha lawama kutoka mahali paonekanapo upesi mpaka mahali ilikoanzia.

Kwa miongo mingi sasa kazi hii imepata watu wa kuiheshimisha. Mwaka 1971 Farouk Topan alihariri kitabu cha kwanza cha Uchambuzi wa Maandishi ya Kiswahili, akiwapa wahakiki wa Dar es Salaam jukwaa la kuzungumza juu ya fasihi ya Kiswahili kwa Kiswahili. F. E. M. K. Senkoro, M. M. Mulokozi, Kimani Njogu, Rocha Chimerah na Kyallo Wadi Wamitila wameendelea kutoka hapo, kila mmoja kwa njia yake, na istilahi tunazozitumia leo darasani zimetengenezwa kwa sehemu kubwa na mikono yao. Lakini walio wengi katika kazi hii hawatajwi popote. Ni walimu wa sekondari wanaosimama mbele ya wanafunzi wengi wenye nakala chache, wakasoma kwa sauti onyesho la kwanza la Kinjeketile, wakanyamaza, kisha wakauliza: mmesikia nini? Hao ndio wanaoiweka hai.

Tatizo ni kwamba wanafunzi wengi hawafiki kwao wakiwa na kitabu. Wanafika na mwongozo. Mwongozo una kazi yake, na ulioandikwa vizuri humsaidia msomaji baada ya kusoma. Ukitangulia kitabu, unampa majibu ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza, naye anaingia kwenye mtihani akijua kwamba Kinjeketile ni jasiri, mzalendo na mshirikina, bila kuwahi kumsikia akishtushwa na maneno yake mwenyewe.

Kwa hiyo rai yangu kwa mwanafunzi, mwalimu na mzazi anayenunua vitabu mwanzoni mwa muhula ni hii: nunueni kitabu chenyewe kwanza. Kisomeni mara ya kwanza kwa ajili ya kisa, mara ya pili mkiwa na kalamu, na mara ya tatu mkimtetea mhusika mliyemchukia. Mkishafika hapo, fungueni mwongozo, na mtakuwa na uwezo wa kubishana nao. Kinjeketile ni mchezo mfupi ambao mtu anaweza kuumaliza jioni moja. Usomeni.